Chanjo Moja, Miili Mbalimbali



Hivi karibuni mama mmoja wa jumuiya yetu alinisimamisha, uso wake umejaa wasiwasi. "Mwalimu," alisema, "binti zangu wawili wanasomea uuguzi. Wote wamechanjwa homa ya ini aina ya B, sindano tatu tatu, mahali pamoja. Walipopimwa damu, mkubwa ana kinga, mdogo hana. Jee, mwanangu kadungwa maji?"

Nilimjibu kwamba hakudungwa maji, wala hakufanya kosa lolote. Katika kila watu wazima 100 wenye afya wanaokamilisha sindano hizo tatu, baina ya 5 na 10 hawapati kinga ya kutosha, na sababu mojawapo kubwa ni urithi.

Chanjo ni mfano wa somo. Mwili huonyeshwa sura ya adui kabla hajafika. Seli za ulinzi huchukua vipande vya chanjo na kuvionyesha kwa seli nyingine, ambazo ndizo zinazoamrisha kingamwili zitengenezwe. Vipande hivyo huwekwa juu ya vibebeo vidogo mno, na umbo la vibebeo hivyo huamuliwa na jeni ziitwazo HLA. Kibebeo kikishika kipande barabara, amri hutoka kwa nguvu. Kisiposhika vyema, amri hufifia.

Kila mmoja wetu hurithi seti moja ya jeni hizo kwa baba na moja kwa mama. Uwezekano wa ndugu wawili kurithi seti zote mbili sawasawa ni mmoja tu katika nne. Ndiyo maana mabinti wa nyumba moja wakatofautiana.

Uchunguzi wa mapacha wachanga nchini Gambia, uliochapishwa mwaka 2004, ulithibitisha nguvu ya urithi. Katika chanjo ya homa ya ini B, kiasi cha asilimia 77 ya tofauti za kingamwili baina ya watoto kilitokana na urithi. Katika chanjo ya pepopunda, asilimia 44. Basi mtu asiyeitikia chanjo moja aweza kuitikia nyingine vizuri sana. Na urithi si sababu pekee: umri mkubwa, uvutaji sigara, unene uliozidi, kisukari na maradhi ya figo navyo hupunguza mwitikio.

Tufanye nini, basi? Kwanza, anayefanya kazi ya kugusa damu apimwe mwezi mmoja hadi miwili baada ya sindano ya mwisho. Pili, asiye na kinga asikate tamaa: hurudia sindano, na wengi huitikia katika duru ya pili. Tatu, apimwe pia kama tayari anao ugonjwa wenyewe, kwani aliyeambukizwa utotoni hawezi kunufaika na chanjo. Hili latuhusu hasa sisi tuliotoka Afrika Mashariki, ambako maradhi haya yameenea, na mama aweza kumwambukiza mwanawe wakati wa kuzaliwa. Nne, anayebaki bila kinga ajue hali yake. Akidungwa kwa bahati mbaya na sindano yenye damu ya mgonjwa, awahi hospitali siku hiyo hiyo apewe kingamwili zilizo tayari.

Tukumbuke pia kwamba hapa Uingereza watoto wote wachanga walianza kupewa chanjo hii mwaka 2017 tu. Vijana wetu wengi waliozaliwa hapa kabla ya hapo huenda hawajachanjwa kabisa. Tazameni kadi zao.

Wako miongoni mwetu ambao miili yao haitaitikia hata wakirudia. Kinga yao ni sisi tuliowazunguka: tukichanjwa, maradhi hayapati njia ya kuwafikia.

Binti yule mdogo ameanza duru ya pili. Mama yake ameacha kulaumu sindano; siku hizi huwauliza majirani zake, "Wanenu wamepimwa?"

Wabillahi tawfiq.