Msimulizi Anaponyamaza: Tafakuri juu ya Filamu ya Dakika Tano

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huzoezwa mapema kumsaka msimulizi. Huulizwa ni nani anayesimulia, amesimama wapi, na anajua kiasi gani kuhusu wahusika wake. Je, hadithi husimamaje pale msimulizi huyo anapoondolewa kabisa? Makala haya yananuia kulijibu swali hilo kwa kurejelea kazi tuliyoifanya sisi wanafunzi wanne wa shahada ya uzamili: filamu ya dakika 5, kwa Kiswahili, iliyopigwa kwa simu ya mkononi. Nia yetu si kuisifu filamu hiyo. Tunataka kueleza yale iliyotufunza kuhusu lugha tunayoisomea.

Ikumbukwe kwamba ufupi si jambo geni katika sanaa hii. Filamu 10 ambazo ndugu Auguste na Louis Lumière walizionyesha hadharani jijini Paris tarehe 28 Desemba 1895 hazikutimiza hata dakika moja kila moja. Filamu fupi, basi, si filamu ndefu iliyokatwa. Ni utanzu wenye kaida zake, kama ilivyo hadithi fupi mbele ya riwaya.

Kazi ya kiambishi kimoja

Kisa chetu ni chepesi. Nyanya mmoja wa Mombasa, asiyejua kusoma, anapokea ujumbe wa simu kutoka kwa bintiye anayefanya kazi za nyumbani Uarabuni. Anamwita mjukuu wake amsomee. Mjukuu, ambaye ujumbe huo umetoka kwa mamake mzazi, anasoma jambo lisiloandikwa.

Katika hadithi ya maandishi, msimulizi angetuambia waziwazi kwamba mtoto alidanganya, na pengine angetueleza sababu. Sisi hatukuwa na msimulizi. Rasimu ya kwanza ya mswada ilikuwa na ujumbe wa maneno 31, na hakuna mtazamaji ambaye angeyasoma yote kabla picha haijabadilika. Tuliyapunguza hadi yakabaki matatu: “Mama, sitakuja Idi.” Maneno hayo yanakaa kwenye skrini kwa sekunde 4. Kisha inasikika sauti ya mtoto: “Mama, nitakuja Idi.”

Mwanaisimu atatambua mara moja kilichotendeka. Kiambishi “si-” cha ukanushi kimeondolewa, na mahali pake pakachukuliwa na “ni-” ya nafsi ya kwanza umoja. Ni konsonanti moja tu iliyobadilika, lakini ndani yake mna uongo, mna huruma, na mna uchungu wa mtoto anayejidanganya yeye mwenyewe pamoja na nyanya yake. Jicho linasoma hili, sikio linasikia lile, na mtazamaji anabaki katikati akiwa na siri ambayo nyanya hana. Kinaya hicho hakikuhitaji hata sentensi moja ya ufafanuzi.

Mpangilio kama kauli

Je, nyanya alitambua kwamba amedanganywa? Hapa tulimkumbuka Lev Kuleshov wa Urusi, ambaye jina lake limehusishwa na jaribio mashuhuri la miaka ya awali ya sinema: uso ule ule, ukiwekwa karibu na picha tofauti, huonekana kuwa na hisia tofauti. Tulikuwa na picha moja ya uso wa nyanya ukiwa umetulia. Tulipouweka uso huo mara tu baada ya maneno yaliyo kwenye simu, wenzetu waliotazama walisema nyanya anajua. Tulipouweka baada ya leso mpya aliyomwekea bintiye sandukuni, walisema anatumaini. Uso haukubadilika hata kidogo.

Kwa hivyo, uhariri wa filamu si kazi ya fundi peke yake. Ni sintaksia. Kama vile mpangilio wa maneno unavyoathiri maana ya sentensi, ndivyo mpangilio wa picha unavyoathiri maana ya kisa. Tulichagua leso, kwa kuwa tulitaka mzigo wa kujua ubaki kwa mtoto na kwa mtazamaji.

Nyanya aseme Kiswahili kipi?

Mjadala mkali zaidi ulizuka juu ya neno moja. Mama aliyeigiza nyanya alimwita mjukuu kwa lahaja yake ya Kimvita: “Ndoo unisomee.” Mmoja wetu alipendekeza iwe “njoo”, akihofia kwamba mtazamaji wa bara atadhani ni ndoo ya maji. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hata hivyo, mkono wa nyanya ulikuwa ukiita, na mtoto alikuwa akija. Picha ilikuwa imekwisha kulifasiri neno.

Kiswahili sanifu, kilichoratibiwa kuanzia 1930 kwa msingi wa Kiunguja, kina nafasi yake isiyopingika darasani na katika uandishi. Lakini mhusika wa filamu husemea mahali fulani, akiwa na umri fulani. Ndiyo maana Sheng husikika pamoja na Kiswahili na Kikuyu katika Nairobi Half Life (2012) ya David “Tosh” Gitonga. Kumsanifishia nyanya kauli yake ni kumhamisha nyumbani kwake.

Hitimisho

Mnamo 2017, wanafunzi wa Hamburg Media School ya Ujerumani, wakiongozwa na Katja Benrath na kushirikiana na Wakenya, walitoa Watu Wote, filamu ya takriban dakika 22 kuhusu shambulizi la basi karibu na Mandera mnamo Desemba 2015. Mazungumzo yake ni ya Kiswahili na Kisomali, na mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa filamu fupi zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ikiwa wanafunzi wa Hamburg waliona kwamba Kiswahili kinaweza kubeba kisa kizito namna hiyo, sisi tunaokisomea tuna udhuru gani?

Tunapendekeza kwamba mswada wa filamu fupi uwe miongoni mwa mazoezi ya uandishi wa kubuni katika idara zetu. Mwanafunzi na apewe hadithi fupi, aambiwe amwondoe msimulizi, kisha atafute ni kiambishi gani, ni lahaja gani na ni picha gani itakayoifanya kazi iliyoachwa. Hapo ndipo atakapojua kwa hakika msimulizi alikuwa akifanya nini.