Chakula kikikwama kifuani, pimwa kwanza

Baba mkwe wangu anaishi Kakamega. Niliposafiri kutoka Mombasa kwenda kumjulia hali, nilimkuta amekonda, nguo zinampwaya. Ugali ulikuwa unamkwama kifuani, na hata chai ilikataa kushuka. Zahanati moja ilikuwa imempa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi. Majirani nao walikuwa na yao: huyu asema karogwa, yule asema saratani.

Hofu ya saratani si ya bure. Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa zimo katika sehemu za Afrika Mashariki zenye saratani nyingi ya umio. Lakini daktari tuliyempeleka alimwuliza swali moja: "Mzee, kilianza kukwama chakula kigumu au cha majimaji?" Kwa kawaida uvimbe wa saratani huzuia kwanza ugali na nyama, na maji hufuata baadaye. Vikikwama vyote tangu mwanzo, huenda tatizo ni misuli.

Umio ni mrija wa takriban sentimita 25 kutoka kooni hadi tumboni. Chakula hakidondoki tu humo. Misuli hukisukuma, kisha kifungo cha chini hulegea ili kipite.

Vipimo ni vitatu. Kwanza, mgonjwa hunywa bariamu, dawa nyeupe kama chokaa, huku akipigwa eksirei. Picha ya mzee ilionyesha umio limetanuka juu na kuchongoka chini kama mdomo wa ndege. Pili ni kamera: mpira mwembamba wenye taa hupitishwa mdomoni, mgonjwa akiwa hajala, kuangalia kama kuna uvimbe. Hakukuwa na uvimbe. Tatu ni manometria, inayopima nguvu za misuli yenyewe. Mrija mwembamba huingizwa puani hadi tumboni, na mgonjwa humeza mafunda madogo ya maji huku mashine ikiandika mgandamizo. Kinakera kuliko kuuma, na si kila hospitali inacho.

Jibu lilikuwa akalasia: kifungo cha chini hakilegei. Si saratani, na misuli hairudi kuwa kama zamani, lakini kifungo hutanuliwa kwa puto au hupasuliwa, na mtu akala tena.

Sisi tulibahatika. Lau ingekuwa saratani, miezi ile ya dawa za tumbo ingemmaliza. Ndugu yangu wa Pwani, chakula kikikukwama mara kwa mara, usiishie duka la dawa. Dai kupimwa.