Rafu ya Gereji Isiyobonyea

Katika nyumba nyingi gereji ndiyo stoo halisi. Humo hukaa rangi iliyobaki kwenye ujenzi, vigae vya akiba, mfuko wa saruji ambao fundi hakuumaliza, pampu ya maji na masanduku ya vitabu vya watoto waliokwisha kuhitimu. Vitu hivi ni vizito kuliko macho yanavyokadiria. Ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji inakaribia kilo 30, na saruji ni kilo 50 kwa mfuko. Ndiyo maana mwenye nyumba akimwita seremala, agizo lake la kwanza huwa ni mbao nene. Mimi ningemwuliza kwanza: nguzo zitaachana kwa umbali gani?

Chukua ubao wa paini wa 1 kwa 8 uliokwisha kupigwa randa. Uulaze juu ya nguzo mbili zilizoachana mita 1.2, kisha upange juu yake vitu vya kilo 40 kwa kuvitandaza. Kwa hesabu za kawaida za mihimili, ubao huo utabonyea milimita 6 au 7 siku hiyohiyo. Sasa sogeza nguzo ziachane sentimita 60, vitu vikiwa vimepangwa kwa wingi uleule kwa kila futi. Ubao utabonyea chini ya nusu milimita. Umbali umepungua kwa nusu, lakini kubonyea kumepungua mara 16. Na hayo ni ya siku ya kwanza tu. Mbao iliyobeba mzigo usioondolewa huendelea kulegea polepole, na baada ya miaka kadhaa kubonyea kunaweza kufika maradufu ya kulivyoanza. Rafu nyingi zenye tumbo unazoziona leo zilikuwa zimenyooka kabisa siku fundi alipolipwa.

Kuna faida nyingine ambayo mafundi wengi huitupa kwa msumeno. Mbao zetu huuzwa kwa urefu wa futi 12, na mazoea ni kuzikata vipande vinavyotosha kati ya nguzo na nguzo. Usizikate. Ubao mmoja unaopita juu ya nguzo tatu bila kukatwa hubonyea chini ya nusu ya vipande viwili vinavyokutana juu ya nguzo ya kati, kwa sababu kila upande unauzuia mwenzake usishuke. Ukuta wenye urefu wa futi 12 unapokea mbao nzimanzima, na nguzo saba za kila futi mbili zinatosha.

Kama lazima nguzo ziachane zaidi, labda kwa ajili ya jenereta au baiskeli, ongeza kipande cha 1 kwa 2 chini ya ukingo wa mbele wa ubao, kikiwa kimesimama. Ukakamavu wa mbao hukua sawasawa na upana wake, lakini kimo kikiongezeka maradufu, ukakamavu huongezeka mara nane. Kwa hiyo kipande hicho chembamba kilichosimama kina ukakamavu sawa na ubao mzima wa 1 kwa 8 uliolala, ilhali kimetumia robo tu ya mbao. Sijui njia nyingine ya kuimarisha rafu kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Kuhusu aina ya mbao, paini ya mashamba ya miti kama Sao Hill kule Mufindi inafaa kabisa. Mninga ni mti wa msitu wa asili na hukua taratibu. Inauma kuuona ukibeba makopo ya rangi gizani wakati ungeweza kuwa mlango au kitanda cha vizazi viwili. Tatizo la paini ni kwamba mara nyingi hufika dukani ikiwa mbichi. Mbao hunywea sana kwa upana na karibu hainywei kwa urefu, hivyo ubao mbichi uliofungwa leo utajikunja kingo au kupasuka penye skrubu. Zipange mbao kivulini, ukiweka vijiti kati ya tabaka ili hewa ipite. Pima ubao mmoja kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi.

Paini pia haina kinga yake yenyewe dhidi ya mchwa. Nunua iliyotiwa dawa kwa mtambo wa presha, kwa kuwa ile ya kuchovya hubeba dawa juujuu tu. Nyingi ya mbao hizo zenye rangi ya kijani zimetiwa mchanganyiko wa kromiamu, shaba na aseniki, kwa hiyo vaa barakoa unapokata, na vipande vinavyobaki visiingie jikoni kuwa kuni hata siku moja. Hata mbao ya presha, dawa yake mara nyingi haifiki kwenye moyo. Ncha uliyoikata wewe iwe juu, ile iliyotoka kiwandani iwe chini. Kila nguzo iweke juu ya kipande cha tofali la saruji, na rafu yote iache sentimita 5 kutoka ukutani. Nafasi hiyo haiwazuii mchwa kuja. Inawalazimisha kujenga vichuguu vyao vya udongo mahali ambapo tochi yako itaviona.

Sasa viungo. Mzigo wote unapaswa kushuka mbao juu ya mbao mpaka sakafuni. Mara nyingi nakuta kipande cha mlalo kimegongewa ubavuni mwa nguzo kwa misumari miwili, na hiyo misumari ndiyo inayobeba kila kitu. Kata kidato cha sentimita 1 kwenye nguzo ya 2 kwa 3, kipande cha mlalo kikalie humo, halafu skrubu ifanye kazi ya kukishika tu kisitoke. Toboa kwanza kwa drili ili mbao isipasuke, na chagua skrubu ambayo theluthi mbili ya urefu wake itaingia kwenye mbao ya pili.

Fremu za mstatili, hata zikifungwa vizuri, hulala upande zikisukumwa. Mbao moja ya mshazari nyuma, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu, huzigawa kuwa pembetatu, na pembetatu haibadiliki umbo mpaka kitu kivunjike. Kisha funga vichwa vya nguzo kwenye ukuta kwa kona za chuma na fisha, ukiweka kipande cha mbao katikati kulinda ile nafasi ya sentimita 5. Usiliruke hili ukiwa na watoto nyumbani, maana kwao kila rafu ni ngazi.

Saruji na ndoo zikae ngazi ya chini kabisa, makopo matupu na kamba juu. Mtungi wa gesi na dumu la petroli havina nafasi kwenye rafu hii: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kusubiri cheche ya gari linapowashwa. Vijengee kibanda cha nje chenye matundu ya hewa usawa wa ardhi, mbali na mlango wa gereji.