UZI: Nani alikunywa maziwa?

Waungwana, kuna kitabu kimekuwa kama pilipili, kila mdahalo lazima mtu akitie. Shamba la Wanyama. Juzi hapa Diani, kwenye kikao cha watu wanaolalamikia njia za kwenda baharini kuzibwa, bwana mmoja akasimama: "Pigeni kelele zenu. Kitabu kimeshasema, mkimtoa binadamu atakuja nguruwe." Watu wakacheka, kikao kikapoa. Nikaona hili lataka uzi.

Kwa ambao hawajakisoma: George Orwell alikitoa Uingereza Agosti 1945. Wanyama wa shamba wanamfukuza mwenye shamba mlevi, wanaandika amri saba ukutani, wote sawa. Nguruwe, kwa vile ndio wasomi, wanashika usukani. Mwisho wake huwezi kuwatofautisha na binadamu. Alikuwa akiisema Urusi baada ya mapinduzi ya 1917. Kwa Kiswahili tunacho tangu 1967, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, ilichapishwa hapo Nairobi na East African Publishing House. (Najua huku kwetu wako wasiotaka hata kulisikia jina la huyo mnyama. Vumilieni kidogo.)

Sasa, ati kitabu kinasema tutulie? Orwell hakuwa mtu wa kutulia. Alikuwa mjamaa, alikwenda kupigana Uhispania, na 1937 akapigwa risasi ya shingo. Mwaka 1946 alimwandikia Dwight Macdonald wa Marekani akieleza alichokusudia: mapinduzi huleta nafuu pale tu watu wanapokaa macho na kujua namna ya kuwaondoa viongozi wao kazi ikishafanyika. Akataja na mahali penyewe mambo yalipoharibikia. Si mbwa, si mauaji. Ni maziwa na matofaa.

Hapo ndipo wengi twapita mbio, kwa hivyo tukae kidogo.

Ng'ombe wamekamwa, ndoo tano. Mmoja anauliza maziwa yatagawanywa vipi. Nguruwe mkubwa anawaambia wasijali, waende kwanza kuvuna. Wakirudi jioni, ndoo tupu. Siku zikapita, ikajulikana nguruwe wanayachanganya kwenye chakula chao. Yakaja matofaa, nayo yao. Kisha akatumwa msemaji wao, Squealer, kueleza kwamba wao wala hawayapendi, wanayala kwa ajili ya afya ya akili inayowaongoza wengine, na wakikosa, mwenye shamba atarudi. Je, mwataka arudi? Mjadala ukafa.

Hoja hiyo mwaisikia kwenye redio kila wiki, jamani. Swali ni la ndoo, jibu ni la adui.

Mei 2013 Wakenya waliikumbuka kwa namna yake. Tume ya Mishahara ilikuwa imewapangia wabunge kama shilingi 532,000 kwa mwezi, wao wakataka kurudi kwenye 851,000. Waandamanaji wakapeleka nguruwe hai mpaka mlangoni mwa Bunge. Picha zilizunguka dunia. Mwishowe mshahara ukabaki ulipopangwa, lakini wabunge wakapata ruzuku ya gari ya shilingi milioni 5 kila mmoja. Wengi tunakumbuka nguruwe, hiyo ruzuku tumeisahau.

Na ule ukuta wa amri, unaoongezwa neno moja usiku? Sisi tuliuona mchana. Juni 1982 Bunge lilitia kifungu cha 2A kwenye Katiba, nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Hakuna aliyehitaji ngazi wala ndoo ya rangi. Kifungu kilifutwa Desemba 1991, na mwaka huo huo mchezo wa kuigiza uliotokana na kitabu hiki ulizuiwa nchini. Naona waliozuia walikisoma vizuri kuliko yule bwana wetu.

Turudi kikaoni. Baada ya kicheko, mama mmoja muuza samaki akamjibu pale pale: "Mwanangu, mimi sijakisoma. Lakini hiyo njia ilikuwa kwenye ramani ama haikuwa?" Kimya.

Hilo ndilo swali la ndoo. Tena lina jibu kwenye karatasi: ramani ya upimaji huonyesha barabara za umma. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Si lazima uwe na wakili. Andika barua, taja unachotaka, peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri na tarehe.

Ya kwetu imepokelewa Jumatatu. Wenye kumbukumbu za njia zilizokuwepo zamani, hasa wazee wa uvuvi, tuandikieni hapa chini mlipitia wapi na mpaka mwaka gani.