Maji ya Chupa na Bomba la Kijiji

Na Bwana Shamba wa Kata



Mwaka 2022, mvua za masika zilipoanza, niliitwa na wakulima wa mpunga. Mfereji wa kumwagilia mashamba ulikuwa umeziba. Maji yalikuwa yamejaa kwenye majaruba na kufunika miche. Miche hiyo ilikuwa na wiki mbili tu tangu kupandikizwa.

Tulikwenda pamoja mpaka kwenye kalavati, pale mfereji unapopita chini ya barabara. Vijana waliingia ndani ya maji, wakaanza kutoa uchafu kwa mikono. Halikutoka gogo. Hayakutoka mawe. Zilitoka chupa tupu za maji ya kunywa. Tulizirundika kando ya barabara. Zilipofika mia mbili tuliacha kuhesabu.

Chupa zile zilitoka wapi? Kila mtu alijua. Siku kumi kabla ya hapo kulikuwa na arusi kubwa kijijini. Chupa zilitupwa nyuma ya uwanja, na mvua ya kwanza ikazisomba.

Nilikasirika. Nilisema, "Mwenye arusi huyu ametuharibia mpunga."

Mzee mmoja alikuwa amesimama karibu yangu. Jaruba lake lote lilikuwa chini ya maji. Alinijibu, "Bwana Shamba, usimlaumu bure. Wageni wale wangekunywa nini? Bomba letu limekauka."

Neno la mzee yule lilinifanya nifikiri sana. Leo nataka tufikiri pamoja.

HESABU YA ARUSI

Bomba la kijiji kile lilikuwa limekauka kwa majuma matatu. Mashine ya kusukuma maji ilikuwa imekufa beringi. Beringi mpya pamoja na ujira wa fundi zilihitaji shilingi 230,000. Mfuko wa maji wa kijiji ulikuwa na shilingi 64,000 tu. Kwa nini? Kwa sababu watu wengi walikuwa wakichota maji kwa mkopo. Waliahidi kulipa baada ya mavuno. Mavuno yalipita na hawakulipa. Mashine ilipokufa, kina mama walirudi kuchota maji mtoni.

Wenye arusi walinunua chupa 600 za nusu lita. Walilipa shilingi 240,000.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Fedha za chupa za siku moja zingetosha kutengeneza mashine ya kijiji kizima, na shilingi 10,000 zingebaki.

Sisemi kwamba mwenye arusi alipaswa kutengeneza mashine peke yake. Mashine ni ya wote. Ninasema kwamba fedha zilikuwapo kijijini. Tulizitoa kununua maji ya mbali, tukayaacha maji yetu wenyewe yakauke.

Sasa tulinganishe bei. Bomba lilipokuwa linafanya kazi, ndoo ya lita 20 iliuzwa shilingi 50 kwenye gati la maji. Dukani, chupa moja ya lita moja na nusu iliuzwa shilingi 1,000. Kwa shilingi 1,000 hiyo hiyo ungepata ndoo 20 za bomba. Ndoo 20 ni lita 400.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha lita 25 kwa kila mtu kijijini kwa siku moja. Kwa kiwango hicho, lita 400 zinatosha nyumba ya watu wanane kwa siku mbili. Watakunywa, watapika, wataoga na kufua. Chupa moja itakata kiu ya mtu mmoja njiani, basi.

CHUPA INATOKA WAPI?

Chupa ya maji ni plastiki. Plastiki hiyo hutengenezwa kwa mafuta na gesi yanayochimbwa ardhini. Mafuta hayo ndiyo pia yanayotupatia petroli na dizeli. Kiwandani, plastiki huyeyushwa kwa moto mkali. Kisha hupulizwa kwa hewa mpaka inakuwa chupa. Chupa hujazwa maji, hufungwa, hupangwa katika katoni na kupakiwa kwenye lori. Lori huchoma dizeli njia nzima mpaka lifike dukani kwenu.

Maji ni mazito. Lita moja ni kilo moja. Kuyasafirisha kwa lori ni gharama kubwa. Maji ya bomba hayapandi lori.

Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Peter Gleick na Heather Cooley, walipiga hesabu ya jambo hili. Walikuta kwamba maji ya chupa yanaweza kutumia nishati nyingi kuliko maji ya bomba, hadi mara 2,000. Nishati ni ile nguvu inayotoka katika mafuta, umeme au moto. Kwa hiyo chupa ile ndogo imekula mafuta mengi kabla hujaifungua.

CHUPA INAKWENDA WAPI?

Ganda la ndizi likitupwa shambani huoza na kuwa mbolea. Chupa haiozi. Jua huikausha, nayo huvunjikavunjika kuwa vipande vidogo. Vipande hivyo hubaki katika udongo na maji kwa miaka mingi sana. Mtu anayetupa chupa shambani leo anawaachia wajukuu wake taka.

Watu wengine huzichoma. Wengine huwashia jiko. Msifanye hivyo. Moshi wa plastiki una sumu, na mama na mtoto walio jikoni ndio wanaouvuta kwanza.

Wengine hutia dawa ya kuulia wadudu ndani ya chupa ya maji. Hili ni jambo la hatari kubwa kupita yote. Mtoto hajui kusoma. Akiona chupa ya maji, anajua ni maji. Dawa ya shamba ikae katika chombo chake chenye maandishi, ndani ya sanduku lililofungwa.

Tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Wengi tunakumbuka jinsi mifuko ile ilivyokuwa imetapakaa kwenye miti na mitaroni. Lakini chupa hazikupigwa marufuku. Kwa hiyo kuzikusanya ni kazi yetu wenyewe.

JE, MAJI YA BOMBA NI SALAMA?

Baada ya kuzibua mfereji, Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Nilipewa nafasi nikaeleza haya niliyoyaandika. Nilipomaliza, mama mmoja alisimama. Alisema, "Bwana Shamba, tumekuona. Pikipiki yako ina chupa ya maji pale mbele. Wewe unakunywa ya chupa. Sisi unatuambia tunywe ya bomba?"

Watu walicheka. Nami niliona haya. Nilimjibu, "Mama, umesema kweli. Nilinunua kwa sababu niliogopa kuugua tumbo njiani."

Hofu hiyo ni ya haki. Maji machafu huleta kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo. Maji yanaweza kutoka kisimani yakiwa safi, kisha yakaingia uchafu njiani. Bomba likipasuka na maji yakikatika, uchafu huingia kwenye ufa. Ndoo chafu pia huchafua maji safi. Kwa hiyo, fanyeni hivi:

1. Chemsheni maji ya kunywa. Yakianza kutokota, yaacheni yatokote dakika moja. Kwenye milima mirefu, yaacheni dakika tatu.

2. Au tumieni dawa ya kutibu maji. Fuateni maelezo yaliyoandikwa kwenye dawa.

3. Kama kuni ni haba, tumieni jua. Chukueni chupa ya plastiki safi isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Ijazeni maji maangavu, yasiyo na tope. Ilazeni juani kwa saa sita. Kukiwa na mawingu mengi, iacheni siku mbili. Nguvu ya jua huua vijidudu. Hapo chupa tupu inatufaa kwa kazi njema.

4. Hifadhini maji katika mtungi au ndoo yenye mfuniko. Mtungi wa udongo hupoza maji vizuri. Choteni kwa kata yenye mpini mrefu. Msitumbukize mkono wala kikombe.

Kuna jambo moja zaidi. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga, maji mengine yana madini ya floraidi kupita kiasi. Madini hayo hutia meno rangi ya kahawia. Yakizidi sana hupinda mifupa ya watoto. Kuchemsha hakuyaondoi. Wanaoishi huko wamwombe mtaalamu wa maji apime chanzo chao. Kiwango cha mwisho kinachokubaliwa ni miligramu 1.5 katika lita moja.

Na maji ya chupa je? Hayo pia yanahitaji macho. Angalieni alama ya TBS na mfuniko ambao haujafunguliwa. Wapo wadanganyifu wanaookota chupa, wakazijaza tena na kuziuza.

KULITUNZA BOMBA

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20. Shabaha ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumba yake, kisizidi mwendo wa mita 400. Mabomba mengi yalijengwa. Lakini mengi yaliharibika bila kutengenezwa, na shabaha haikufikiwa. Tulijifunza kwamba kujenga bomba ni kazi ya miezi michache. Kulitunza ni kazi ya kila siku, na wenye kazi hiyo ni wanaokunywa maji yake.

Tangu mwaka 2019 tuna Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Wataalamu wake hufanya kazi pamoja na vyombo vya watumia maji vya wananchi. Lakini mtaalamu hawezi kukulipia ndoo yako.

Mkutano wa kijiji kile ulikubaliana mambo manne. Kwanza, kila kaya itoe shilingi 1,000 ili mashine itengenezwe. Zilipungua shilingi 166,000. Mwenye arusi alikuwa wa kwanza kulipa, na kaya 170 zililipa katika siku mbili. Pili, hakuna kuchota kwa mkopo, isipokuwa wazee wasiojiweza na wagonjwa. Tatu, hesabu ya mfuko wa maji isomwe mbele ya watu kila mwezi. Nne, kwenye arusi na misiba, maji yachemshwe siku moja kabla na kutiwa katika mapipa safi yenye koki. Vikombe vioshwe kwa sabuni. Anayetaka chupa anunue, lakini chupa tupu zikusanywe katika magunia na kuuzwa kwa wanunuzi wa plastiki.

Siku ya sita maji yalitoka. Kina mama walipiga vigelegele pale kwenye gati.

Yule mzee alipoteza miche yake yote. Ilimbidi apandikize upya, na mavuno yake yalichelewa. Hakumdai mtu. Aliniambia, "Bwana Shamba, chupa zile tulizinywa sote. Hata mimi nilikuwa arusini."

Ndugu msomaji, ukiwa safarini una kiu na hakuna maji salama, nunua chupa unywe. Afya yako kwanza. Lakini ukirudi nyumbani, lipia ndoo yako. Mimi siku hizi nachemsha maji usiku, nayatia katika chupa ya bati, nayafunga kwenye pikipiki. Yule mama akiniona huichungulia kwanza ndipo anisalimu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Katika kijiji chenu, ndoo moja ya maji ni shilingi ngapi? Chupa moja ni shilingi ngapi?

2. Mfuko wenu wa maji una fedha kiasi gani leo? Nani anajua?

3. Chupa tupu za sherehe iliyopita ziko wapi sasa?

4. Mashine yenu ikifa kesho, mtafanya nini?