Je, Wajua? Siri ya Dari ya Bisi

Je, wajua kwamba dari inayochekwa leo kuwa ya kizamani iliwahi kuuzwa kama anasa ya nyumba mpya? Ingia katika nyumba iliyojengwa Ohio, Texas au Ontario kati ya miaka ya 1950 na 1980, kisha inua macho. Huenda ukakuta dari imejaa vinundu vyeupe vinavyopukutika vikiguswa. Wenyeji huiita dari ya bisi. Anayeinunua nyumba hiyo sasa hutamani kuikwangua siku ileile anayokabidhiwa funguo. Asubiri kwanza, kwa maana ndani ya vinundu hivyo huenda kuna madini yanayoua polepole.

Chanzo cha dari hiyo ni haraka ya ujenzi. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, dari za Marekani zilitengenezwa kwa fito nyembamba za mbao zilizopigwa lipu tabaka baada ya tabaka. Kazi hiyo ilihitaji fundi hodari na siku kadhaa za kukausha. Vita vilipokwisha, askari walirudi, wakaoa, na nyumba hazikutosha. Katika mji wa Levittown, New York, zaidi ya nyumba 17,000 zilijengwa kati ya 1947 na 1951. Kwa kasi ya namna hiyo, lipu ilipisha mbao za jipsamu, ambazo hupigiliwa kwenye boriti na kuzibwa viungo kwa utepe na puti.

Shida ya mbao za jipsamu ni mishono. Mwanga wa dirishani hupita karibu sambamba na dari, na mwanga wa ubavuni kama huo hurefusha kivuli cha kila tuta, hata liwe jembamba kiasi gani. Dari tambarare kabisa inahitaji puti ya mara kadhaa, msasa, na mkono uliozoea. Wajenzi wakapata njia ya mkato: pulizia dari nzima uji mzito wenye punje. Kila punje ikitoa kivuli chake, kivuli cha mshono hakionekani tena. Mafundi wawili na mashine waliweza kumaliza nyumba nzima bila kupaka rangi juu yake. Kwa kuwa vinundu hupunguza kidogo mwangwi chumbani, wauzaji waliisifu pia kuwa dari ya kutuliza sauti.

Uingereza ilikuwa na yake, iliyojulikana kwa jina la bidhaa, Artex. Hiyo haikupulizwa. Fundi aliipaka ikiwa mbichi, kisha akaichora kwa brashi au kitana mapambo ya mizunguko, mapezi na vinundu.

Uji wa dari ya bisi ulikuwa na jasi au chokaa, gundi na maji, pamoja na punje za vermikulaiti au polistireni. Kwa miaka mingi uliongezewa pia asbesto nyeupe, mara nyingi asilimia chache tu. Nyuzi zake zilishika mchanganyiko usidondoke, zikauimarisha, nazo haziungui. Isitoshe, bei yake ilikuwa ndogo. Hata vermikulaiti yenyewe ilikuwa na kasoro. Sehemu kubwa ya iliyouzwa Marekani ilitoka mgodi wa Libby, jimbo la Montana, ambako ilichimbwa ikiwa imechanganyika na asbesto ya asili. Mgodi ulifungwa 1990, na mwaka 2009 Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, lilitangaza hali ya dharura ya afya ya umma katika mji huo.

Asbesto ni jiwe lenye tabia ya kushangaza. Ukilivunja halitoi chembe za mviringo kama mchanga. Hupasuka kwa urefu, uzi ukizaa nyuzi nyembamba zaidi, hadi zisionekane kwa jicho. Nyuzi hizo huelea hewani kwa saa nyingi. Zikivutwa, hufika chini kabisa ya mapafu, na mwili hauna njia ya kuziyeyusha wala kuzitoa zote. Chembe za kinga huzizingira na kushindwa kuzimeza, na pambano hilo linaloendelea kwa miaka huacha makovu na kuharibu seli. Matokeo yake ni asbestosisi (makovu ya mapafu), saratani ya mapafu na mesothelioma, yaani saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Mvutaji sigara aliyevuta pia nyuzi hizi yumo katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya mapafu. Ugonjwa huchelewa: mesothelioma huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya vumbi kuvutwa. Kwa sababu hiyo kijana anayekwangua dari leo hapati hata kikohozi cha kumwonya.

Sheria zilikuja kwa hatua. Mwaka 1973 Marekani ilipiga marufuku kupulizia asbesto kwa ajili ya kuzuia moto na joto, na mwaka 1978 marufuku hiyo ikafikia mapambo ya dari. Hata hivyo, shehena iliyokuwa tayari ghalani iliendelea kutumika, kwa hiyo nyumba ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 nayo haiaminiki. Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999 na Kanada mwaka 2018. Marekani ilikamilisha kanuni ya kupiga marufuku asbesto nyeupe Machi 2024.

Jicho haliwezi kuzitofautisha dari yenye asbesto na isiyo nayo. Kinachotoa jibu ni maabara, ambako sampuli huchunguzwa kwa darubini ya mwanga uliochujwa, unaoonyesha aina ya kila uzi. Kwa sheria za Marekani, kitu chenye asbesto zaidi ya asilimia 1 huhesabiwa kuwa cha asbesto. EPA hushauri sampuli ichukuliwe na mtu aliyefunzwa, akilowesha kwanza sehemu anayoigusa, na itoke zaidi ya chumba kimoja kwa kuwa mchanganyiko ulibadilika. Sheria ya shirikisho haimlazimishi mwenye nyumba ya familia moja kupima, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yake. Kwa hiyo uamuzi wa kuwalinda waliomo ndani mara nyingi uko mikononi mwake.

Majibu yakionyesha kuna asbesto, jambo la kwanza la kujua ni kwamba dari nzima isiyoguswa haimwagi nyuzi. Inaweza kuachwa ilivyo na kuchunguzwa mara kwa mara. Inaweza pia kufunikwa kwa mbao mpya za jipsamu, lakini kila skrubu inayotoboa huamsha vumbi, hivyo hata kazi hii inahitaji watu wenye ujuzi wa asbesto. Ikiwa imepasuka, imelowa kwa paa kuvuja au inapukutika, iondolewe na kampuni yenye kibali. Mafundi wake hukiziba chumba kwa nailoni, huvuta hewa kupitia vichujio vya HEPA, vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa mikroni 0.3, na hulowesha kila wanachokitoa. Fagio kavu na mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi hutawanya nyuzi, na barakoa ya kitambaa haizizuii.

Majibu yakiwa safi, mwenye nyumba anaweza kuifanya kazi mwenyewe. Anahamisha vyombo, anazima umeme, anatandika nailoni sakafuni na ukutani. Ananyunyizia sehemu ndogo maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo, anasubiri kama dakika 15, kisha anakwangua kwa skrepa pana bila kuchimba jipsamu. Dari iliyopakwa rangi ni ngumu zaidi kwa kuwa rangi huzuia maji yasipenye. Vinundu vikishatoka, mishono ya zamani hujitokeza yote, na hapo ndipo kazi ya puti na msasa iliyokwepwa miaka 50 iliyopita inapodai kufanywa.

Nyumba ya umri huo ina mengine ya kuangalia. Vigae vya vinili vya inchi 9 kwa 9 vilivyo chini ya zulia, na gundi nyeusi iliyovishika, mara nyingi vina asbesto. Rangi ya kabla ya 1978, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani, huweza kuwa na risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Isipigwe msasa mkavu.

Afrika Mashariki haikupata mtindo wa bisi darini, lakini asbesto ilitufikia kwa njia ya paa: mabati ya saruji yenye asbesto yaliyoezekwa shuleni, hospitalini na kwenye nyumba za watumishi. Rwanda imeendesha kampeni ya kitaifa ya kuyaondoa. Kanuni ni ileile: yasikatwe kwa msumeno, yasivunjwe kwa nyundo, na vipande vyake visiachwe uani watoto wakavichezea.

Wenzetu wengi walio ughaibuni hupata riziki kwenye kazi za ukarabati, mara nyingine kwa malipo ya siku na bila mkataba. Huko Marekani, kiwango cha juu anachoruhusiwa kuvuta mfanyakazi ni nyuzi 0.1 kwa kila sentimita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8, na mwajiri anawajibika kumweleza kuhusu asbesto iliyopo kazini. Kupima sampuli moja hugharimu makumi ya dola tu. Kwa hiyo anayekabidhiwa skrepa katika nyumba ya zamani aombe kwanza karatasi ya majibu ya maabara. Ikiwa haipo, ana haki ya kusema hapana, na hana sababu ya kuona haya.