KITI KIKIBAKI WAZI BUNGENI

Mbunge ni binadamu kama binadamu wengine. Huenda akafa, akapewa kazi nyingine, au akaondolewa na mahakama. Lakini watu waliomchagua hawaondoki pamoja naye. Wao hubaki pale pale na haja zao za maji, barabara, shule na usalama. Ndiyo maana nchi nyingi zenye Bunge zimeweka sheria ya kujaza kiti kilicho wazi bila ya kungoja uchaguzi mkuu. Uchaguzi huo huitwa uchaguzi mdogo, na mambo yaliyotokea nchini Kenya yanaonyesha kwamba udogo wake ni wa jina tu.

SHERIA INAVYOSEMA

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka Spika aiarifu Tume ya Uchaguzi kwa maandishi katika muda wa siku 21 tangu kiti kiwe wazi. Uchaguzi nao hufanywa katika muda wa siku 90, ila kama umebaki muda usiozidi miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliweka muda mfupi zaidi, yaani siku 60.

Kifo si sababu pekee. Mbunge wa Kenya hupoteza kiti akijiuzulu, akikihama chama kilichomwingiza Bungeni, au akikosa vikao vinane katika mkutano mmoja wa Bunge bila ya ruhusa ya Spika wala sababu ya kuridhisha. Tena, kinyume cha desturi ya Uganda, Katiba ya Kenya haimruhusu mtu mmoja kuwa waziri na mbunge kwa wakati mmoja. Mbunge akikubali uwaziri, kiti chake huwa wazi.

MWAKA 1966

Sheria ya kuhama chama ina historia yake. Mwezi wa Aprili 1966, Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais, akakiacha chama cha KANU na kuongoza chama kipya cha KPU. Wabunge kadha wa kadha walimfuata. Bila ya kukawia, Bunge likabadilisha Katiba ili kila aliyehama chama arudi kwa wapiga kura kuomba upya ridhaa yao. Mwezi wa Juni viti 29 viligombewa kwa mpigo, na watu wakauita uchaguzi ule "Uchaguzi Mkuu Mdogo". KANU ilipata viti 20, na KPU ikapata 9. Odinga alirudi Bungeni, lakini mwenzake Bildad Kaggia alishindwa.

MIAKA YA KUNGOJA

Sheria nzuri haifanyi kazi pasipo watu wa kuitekeleza. Mapema mwaka 2023 Tume ya Uchaguzi ya Kenya ilibaki bila ya mwenyekiti wala makamishna. Mwezi wa Machi mwaka huo huo, mbunge wa Banissa, katika kaunti ya mpakani ya Mandera, alifariki dunia. Siku 90 zikapita, ukapita mwaka, ukapita na wa pili. Wananchi wa Banissa walikaa zaidi ya miaka miwili na nusu bila ya mtu wa kusimama Bungeni na kusema kwa niaba yao.

Viti vingine vikazidi kuongezeka. Mahakama ilitengua uchaguzi wa Magarini. Wabunge wa Ugunja na Mbeere Kaskazini wakawa mawaziri. Mbunge wa Malava na Seneta wa Baringo wakafariki mwezi wa Februari 2025, na tarehe 30 Aprili mwaka huo mbunge wa Kasipul akauawa kwa risasi mjini Nairobi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Makamishna wapya waliapishwa mwezi wa Julai 2025, na tarehe 27 Novemba viti vyote hivyo saba vikapigiwa kura. Huko Kasipul mtoto wa marehemu alikirithi kiti cha baba yake kwa kura za wananchi. Huko Magarini, Harrison Kombe, yule yule ambaye ushindi wake ulitenguliwa, alichaguliwa tena.

KAZI YA ASKARI

Katika uchaguzi mdogo macho ya nchi nzima huelekea mahali pachache. Wakubwa wa vyama humiminika huko na wafuasi wao, na hasira huwa karibu. Huko Kasipul ugomvi wa kampeni ulisababisha vifo kabla ya siku ya kura. Hapo ndipo askari polisi hutazamiwa kuwa mlinzi wa wote: alilinde sanduku la kura, amlinde karani, amlinde mama mzee aliyepanga mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi, asiulize anampendelea nani.

Na kwa familia zao, jambo moja linafaa kukumbukwa. Mtu hupiga kura pale alipoandikishwa. Askari aliyehamishwa kambi akasahau kuhamisha jina lake katika daftari atakuta uchaguzi mdogo unafanywa mlangoni pake, naye ni mtazamaji tu. Kiti kikiwa wazi, wenye kukijaza ni wale tu waliojiandaa mapema.